Barakoa ya Kununia

Ukitaka kumjua Bi Pindo usianze na mikono yake, ingawa kila mtu huanzia huko. Mikono ilikuwa mikono ya fundi cherehani tu: gumba limekufa ganzi kwa kusukuma sindano, kidole cha shahada kimejaa matundu kama chujio la chai. Anza na macho. Siku aliyozaliwa hakulia. Mkunga alimpiga kofi la tako, mtoto akamtazama. Akampiga la pili, mtoto akamtazama tena, na safari hii mkunga ndiye aliyeomba radhi, akavua aproni, akaacha ukunga, akaenda kuuza mkaa mpaka uzeeni. Shangazi mtu, aliyekuwa ameshika beseni, akasema, "Huyu ni mkavu wa macho." Maana yake hana haya, haogopi mtu, atakukazia macho mpaka wewe ndiye uanze kutazama vidole vya miguu yako kama uliviazima.

Shule hakuiona. Shati la shule nyumbani lilikuwa moja na kaka walikuwa wanne; zamu ya wa nne ilipofika lilikuwa limebaki kola na vishikizo viwili, na yeye hakuwa hata kwenye foleni. Akajifunza kupinda nguo kwa kuchungulia dirishani kwa fundi wa jirani, na kabla hajafika kimo cha meza alikuwa anapinda sketi za mtaa mzima. Pindo zake hazikufumuka. Kuna sketi moja aliivaa mama, akaivaa binti, akaivaa mjukuu, na siku mjukuu alipoichoka akaitupa jalalani, sketi ilimtangulia kufika nyumbani. Ndipo jina la Pindo likamganda.

Miaka ishirini na mbili alishona kwenye kiwanda cha sare. Aliondoka siku msimamizi alipomwita mbele ya wenzake aombe radhi, kwa sababu alisema kwa sauti kwamba zile kola mpya zitawanyonga watoto wa watu. Hakuomba. Alimtazama tu. Msimamizi akapepesa, akapepesa tena, akapapasa mfukoni kutafuta miwani ambayo hakuwahi kuwa nayo. Jioni hiyo Bi Pindo alibeba mkasi wake na mto wake wa kukalia, akaenda zake, na wapo wanaoapa kwamba cherehani zote mia na kumi zilikata uzi kwa mpigo mmoja alipovuka mlango.

Hivyo ndivyo alivyojikuta, umri umeshapita hamsini na tano, akitia viraka mabenchi ya jumba la maonyesho.

Zamani lilikuwa ghala la matairi, na siku ya jua kali harufu ya mpira bado ilipanda kutoka sakafuni. Kila Jumamosi alasiri watu walijaa kutazama wanawake watatu wenye barakoa wakiwatandika waovu: mwenye nyumba mwenye mkia, mwizi wa maji ya bomba, na jitu la maboksi lenye vichwa viwili visivyosikilizana. Wanawake hao walipanda mnara wa vyuma chini ya taa nane kubwa, wakaruka, wakagaragazana na maovu, wakashinda. Wa kwanza aliitwa Kipanga, mwanamke mrefu aliyewahi kuvunja kokoto na huko huko akavunjika pua. Wa pili Radi, binti mbichi mwenye sura ambayo hata mvua ilisita kuinyeshea. Wa tatu Siafu, na Siafu alikuwa mke wa mdogo wake Bi Pindo. Basi walikuwa mawifi, na utani wao ulianza siku ya harusi na haujapata likizo.

Siku moja Siafu alipiga ukelele wa ushindi pale juu, barakoa ikachanika kutoka sikioni hadi kidevuni. Jitu la maboksi lilicheka kwa vichwa vyote viwili. Bi Pindo alikuwa chini ya benchi na sindano ya magunia mdomoni, akaitwa. Akaizungusha futi kichwani kwa wifi yake, akapima paji, akapima taya, akalinganisha na kile kitambaa kilichochanika. Vipimo vilikuwa sawasawa. Fundi aliyetangulia hakukosea hata unywele. Bi Pindo akakaa akafikiri, kisha akasema, "Nuna."

"Ninune nini, wifi?"

"Nuna kama umemkuta mdogo wangu ameanika soksi juu ya sufuria."

Siafu akanuna. Futi iliyokuwa imekaa vizuri ikaruka na kudondoka. Mashavu yalipanda, nyusi zilishuka, taya lilitoka mbele kama droo. Uso mzima uliongezeka upana wa vidole viwili. Bi Pindo akapima hapo hapo. Akamwambia apige kelele, akapima tena. Tangu siku hiyo hakumpima mtu aliyetulia. Alisema kila mwanamke ana nyuso za saizi mbili, ile ya kuombea kazi na ile yake mwenyewe, na mafundi wote duniani wanashona ile ya kwanza halafu wanashangaa kitambaa kupasuka.

Wakamhamishia chumba kilicho chini ya ngazi, chenye cherehani ya miguu ambayo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Huko akawa fundi wa barakoa, na huko akagundua kwamba mwanamke haulizwi anataka barakoa gani, anaulizwa anataka kuficha nini. Kipanga alitaka ile waliyoiita mdomo nje, inayoshuka kutoka utosini mpaka chini ya pua na kuuacha mdomo huru, kwa sababu pua yake alishachoka kuielezea kwa watu lakini mdomo wake bado alikuwa na kazi nao: alimtukana jitu kwa matusi mapya kila wiki, mpaka mwenye kucheza jitu akawa anakuja na kalamu. Radi alitaka utepe, kipande cha kuzunguka macho tu, maana alisema Mungu alipompa ile sura hakumwambia aifunge kwenye mfuko. Siafu alitaka gunia. Gunia lilifunika kichwa chote na shingo, likaacha matundu mawili ya macho na uwazi mdogo wa pumzi.

Bi Pindo alimtania kwa muda mrefu kuhusu hilo gunia. Alimwuliza kama anaogopa wadai, au kama mdogo wake amemwoa bila kumwangalia vizuri. Siafu alicheka tu. Ila siku moja, pini zikiwa zimemzunguka kidevu, akasema ukweli.

Siku za kazi Siafu alikaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Mwenye ile nyumba alikuwa ametundika kibao nyuma ya kaunta kilichoandikwa: Tabasamu ni sehemu ya sare. Chini ya kaunta, mahali ambapo mgeni haoni, palikuwa na kioo kidogo ili mpokezi ajikague. Siafu alitabasamu kuanzia saa mbili asubuhi. Mgeni akimwita kwa mluzi, anatabasamu. Akimtupia funguo badala ya kumkabidhi, anatabasamu. Akirudi nyumbani mashavu yanamuuma kama miguu ya mtu aliyetembea safari.

"Sasa nikiingia kwenye gunia, wifi," alisema, "nanuna. Saa nzima. Nanuna nikiruka, nanuna nikipiga, nanuna watu wakinishangilia. Hakuna anayejua. Huo ndio mshahara wangu mwingine."

Bi Pindo hakutania tena. Alilifumua lile gunia, akaongeza upana wa kidole kila upande, ili mtu akitaka kununa anune kwa nafasi.

Meneja wa jumba alikuwa mtu wa mabango. Aliyapenda kuliko maonyesho yenyewe, na nyuma ya mgongo wake aliitwa Bwana Bango. Inasemekana alimposa mkewe kwa bango, na mkewe akakubali kwa sababu lilikuwa limeziba dirisha. Jumatatu moja alileta karatasi chumba cha chini ya ngazi. Bi Pindo hakuijua hata herufi ya kwanza ya jina lake, basi akamsubiri Siafu amsomee. Siafu alipita mbio akiwahi zamu, akasoma akiwa amesimama mlangoni: barakoa mpya kwa wote watatu, ziwe za macho makavu, ziwe tayari Ijumaa kwa kupigwa picha ya bango. Akaondoka.

Bi Pindo akabaki ameishika ile karatasi kifuani kama barua ya mchumba. Aliona kumbe yule mtu ana akili, alikuwa anaificha tu. Maana hilo lilikuwa jambo lililomkera miezi: zile taa nane. Ziliwaka kama majiko, na jasho la wale wanawake lilishuka kutoka kwenye paji la uso likaingia machoni. Mara moja Kipanga, akiwa haoni kitu, alimkosa jitu akapiga nguzo ya mnara, na nguzo ikapinda. Macho makavu ndiyo hasa yaliyohitajika. Akakata taulo lake la kuogea, jipya halijafuliwa mara mbili, akatia bitana ya taulo kwenye vipaji vya barakoa zote, na juu ya nyusi akashona mfereji mwembamba wa kupeleka jasho masikioni. Utepe wa Radi haukuwa na mahali pa mfereji, kwa hiyo akauongeza paji, na paji likahitaji utosi, na utosi ukahitaji kisogo. Kufikia Alhamisi utepe ulikuwa umeshakuwa gunia. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona. Aliimwagia kikombe cha maji, na upande wa macho halikupita hata chozi la mbu.

Watu mpaka leo wanabishana kama alikosea au alifanya kusudi. Alikosea. Mtu aliyeitwa mkavu wa macho tangu anatoka tumboni ndiye aliyelikosa neno hilo, kwa sababu kwake halikuwa tena neno, lilikuwa kama jina lake, na nani akisikia jina lake anafikiria maana?

Ijumaa Bwana Bango alikuja na mpiga picha. Wanawake watatu walikuwa wamejipanga, kila mmoja na barakoa yake mpya mkononi, na nusu ya wafanyakazi wa jumba wamesimama kuangalia. Akazitazama zile barakoa, akazizunguka.

"Mama, hiki ni nini?"

"Macho makavu, Meneja."

"Nilisema macho makavu. Ujasiri. Msichana anamkazia mtu macho, uso uko wazi, utepe kidogo hapa, midomo ina rangi, anatabasamu. Watu wanataka kuona sura. Wewe umeniletea magunia yana taulo ndani."

Hapo ndipo Bi Pindo alipolisikia neno lake kwa mara ya kwanza, na moyo ukamshuka. Lakini moyo wake ulikuwa ukishuka peke yake. Macho hayakuwa na desturi ya kuufuata.

"Weka kidole," akasema.

"Nini?"

"Weka kidole hapo ndani ya paji, uone kama si pakavu. Uliandika makavu, nimeleta makavu. Kama ulitaka mengine ungeandika mengine."

Bwana Bango, aliyekuwa mtu wa kutii kwanza na kufikiri baadaye, akaweka kidole. Kipanga akaguna. Mpiga picha akacheka, kisha fundi wa taa, kisha wote. Na mzaha mzaha hutumbua usaha. Meneja alichomoa kidole, akazikusanya barakoa zote, mpya na za zamani, mdomo nje na magunia, akazifungia kwenye kabati la chuma ofisini. Akatoa mfukoni tepe tatu za plastiki za kubandika kwa gundi, zimeletwa kwenye pakiti, hazikupimwa uso wa mtu yeyote aliye hai. Akasema hizo ndizo za kesho. Akasema wote watatabasamu, na asiyetaka akae nyumbani. Na fundi, akasema, ashukuriwe kwa miaka yake, jumba halina tena kazi ya magunia.

Bi Pindo alibeba mkasi na mto wake. Mlango wa ghala haukusimamisha cherehani yoyote safari hii, maana ilikuwapo moja tu na mguu wake ni tofali. Njiani hakuwaza kazi. Alishaachana na wakubwa kuliko yule. Aliwaza kwamba ni kosa lake, neno lake mwenyewe, lililomfungia wifi yake kwenye kabati.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda nyumba ya wageni.

Siafu alikuwa amewahi zamu ya alasiri, yuko nyuma ya kaunta, sare imepigwa pasi, tabasamu liko mahali pake. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameketi pembeni anasoma gazeti, kila ukurasa akigeuza anatupa jicho. Bi Pindo akajifanya mgeni anayeuliza chumba. Wakaongea kwa sauti ya chini, na katika maongezi yale yote Siafu hakulishusha tabasamu hata nukta moja, kwa hiyo maneno yalitoka kama yanapita chini ya mlango.

"Kesho siendi," alisema akitabasamu.

Bi Pindo akamwambia kosa ni lake, yeye ndiye aliyemtia Meneja hasira.

"Si kosa lako. Angepata sababu nyingine. Siendi tu, wifi. Huku natabasamu siku sita. Siwezi kwenda kutabasamu na ya saba juu ya mnara. Bora nikae nyumbani nifue."

Mgeni mmoja akapita, akagonga kaunta kwa funguo zake, tok tok, akataka maji ya kunywa. Siafu akampa, na tabasamu likapanda kidogo kama bendera. Mgeni alipoondoka likarudi pale lilipokuwa. Bi Pindo, aliyekuwa amewatazama wasimamizi na wakunga bila kupepesa, alishindwa kulitazama lile tabasamu. Aliangalia kaunta.

"Nikuulize," akasema. "Kilichokuwa kinanuna ni kitambaa?"

Siafu akazipanga upya funguo za vyumba.

"Kitambaa nilishona mimi. Nakijua, kilikuwa hakina neno na mtu. Kununa hukushonewa na yeyote. Wamefungia kabatini gunia langu. Chako bado unacho hapo."

"Wataniona," Siafu akasema. Tabasamu lilikuwapo, lakini jicho lilikwenda kwenye gazeti. "Watu wa mtaani. Wageni wa hapa. Huyu aliyeketi."

"Ndiyo. Watakuona."

Bi Pindo hakuwa mtu wa kumsukuma mwenzake kwenye mto kisha akamsifia kuogelea. Alimuaga mwenye nyumba kwa kumwambia kwamba vyumba vyao ni vizuri ila kibao chao kimepinda, na akatoka.

Jumamosi alikwenda kwenye maonyesho kama mtazamaji, akakaa benchi la mbele, lile alilolitia kiraka cha kijani. Hakujua kama wifi yake atakuja. Pazia lilipofunguka akaona watatu, na wa tatu ni Siafu, utepe wa plastiki umebandikwa machoni, uso wote uliobaki uko wazi chini ya taa nane.

Radi alitabasamu. Alitabasamu kwa sababu alipenda, kama anavyofanya kila wiki, na likampendeza. Kipanga hakutabasamu, pua yake ilikuwa nje, akaibeba kama mtu anayebeba mzigo wake mwenyewe sokoni. Nyuma ya pazia la pembeni Bwana Bango alikuwa ameshika pembe za mdomo wake kwa vidole viwili, anazivuta juu, anawaonyesha.

Siafu alimwangalia Meneja. Akawaangalia watu. Kisha akanuna.

Haikuwa kununa kwa mchezo wa kuigiza, kule kwa kukunja paji na kutoa macho. Ulikuwa uso umerudi nyumbani ukavua viatu. Mashavu yalipanda, nyusi zilishuka, taya lilitoka, na Bi Pindo kwenye benchi aliona vile vidole viwili vya ziada alivyovipima mwenyewe, sasa havina kitambaa. Mtoto mchanga aliyekuwa analia akanyamaza ili aone vizuri. Panya wa ghala, waliokuwa na mazoea ya kuhudhuria, wakapanga mstari. Siafu akapanda mnara amenuna, akaruka amenuna, akamshika mwenye nyumba mwenye mkia, akamzungusha kwa mkia huo mara tatu, amenuna. Watu hawakushangilia. Walikaa kama wamefungua mlango wa chumba kisicho chao.

Ndipo mwanamume mmoja wa safu ya pili, shati limefunguliwa vishikizo vitatu, akaita kwa sauti ya kubembeleza: "Dada, si utabasamu kidogo basi. Unapendeza ukitabasamu."

Siafu akamwacha mwenye nyumba na mkia wake. Akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa. Jasho lilikuwa limeshateremka, gundi imeshalegea, na utepe ukamtoka usoni wote, ukaning'inia sikioni, ukaanguka. Akabaki hana kitu. Akamtazama yule mtu. Alimtazama jinsi mtu anavyotazama chungu kinachochemka, bila haraka, akijua kitakachofuata. Yule mwanamume alicheka kidogo. Akakohoa. Akafunga kishikizo kimoja, akafunga cha pili, akafunga cha tatu, akatafuta cha nne ambacho shati halikuwa nacho.

Mwanamke wa safu ya tatu, aliyekuja na wakwe zake na aliyekuwa ametabasamu tangu asubuhi kwa ajili yao, akauachia uso wake ukae utakavyo. Jirani yake akamwona, naye akauachia. Jambo hilo likaenda benchi kwa benchi, bila kelele, kama watu wanaopitishiana bakuli, mpaka ghala zima likajaa wanawake walionuna kwa raha zao. Anayepita barabarani siku ile angedhani ndani kuna baraza la usuluhishi. Na Siafu alipogeuka kurudi kwenye kazi yake, akamwinua mwenye nyumba, akamtupa kwenye maboksi, ndipo kelele ilipotoka, na ilipotoka bati moja la paa lilihama.

Jumatatu mwenye nyumba ya wageni alimwita Siafu. Alikuwa ameshaambiwa na wageni wawili. Akamwonyesha kibao kwa kidole, akamwuliza kama anajua kusoma. Siafu akasema anajua, na kwamba sare ameivaa yote, shati, sketi, viatu na kile kijibango cha jina kifuani. Uso hakumbuki kupewa stoo. Akahamishiwa chumba cha kufulia, kwenye mvuke na mashuka, mahali ambako wafanyakazi walipelekwa kuadhibiwa. Alimwambia wifi yake jioni hiyo kwamba mikono inauma sasa na mashavu yamepona, na kwamba katika mashuka mia mbili hakuna hata moja lililompigia mluzi.

Bwana Bango alifika nyumbani kwa Bi Pindo siku ya nne. Alikuja na mfuko chini ya kwapa na bango limeviringishwa mkononi. Bi Pindo alimkaribisha, akamketisha, akamtilia chai, maana mgeni ni mgeni hata kama ni huyo. Siafu alikuwapo, amekuja kuchukua sufuria yake iliyoazimwa.

Meneja alianza kwa kusema maji yaliyomwagika hayazoleki. Akasema watu wamemsumbua tangu Jumamosi, mtaani, dukani, hata kinyozi, wanauliza yule aliyenuna ataonekana tena lini. Akalikunjua bango mezani. Palichorwa wanawake watatu, nyuso wazi kabisa, wote wamenuna, Radi pia. Kwa maneno makubwa juu yake, Siafu akamsomea Bi Pindo, kuliandikwa: Njoo Ununiwe.

"Nimewaelewa," Bwana Bango akasema. "Hakuna utepe tena, hakuna tabasamu. Sasa wote watanuna. Kuanzia pazia linafunguka mpaka linafungwa. Radi nimeshamwambia afanye mazoezi mbele ya kioo. Na wewe, mama, urudi, nguo zao zinahitaji mkono wako."

Bi Pindo akamwuliza Radi amesema nini. Meneja akakubali kwamba Radi amekataa, amesema yeye atacheka akitaka kucheka, na Kipanga amesema neno ambalo hawezi kulirudia mbele ya wazee.

Siafu alilitazama lile bango muda mrefu. "Meneja," akasema, "nikinuna kwa amri, hilo ni tabasamu lile lile, limegeuzwa chini juu."

"Lakini ulinuna mwenyewe, mbele ya watu wote. Nani alikuamuru?"

"Hakuna. Ndiyo nakwambia."

Bwana Bango akafungua mikono kama mtu aliyeibiwa hoja. Bi Pindo akasema kwa upole kwamba atarudi kushona, kwa sharti moja: barakoa ataagizwa na kichwa kitakachoivaa. Radi apate utepe wake, upimwe, ushonwe, si wa gundi. Kipanga apate mdomo nje na matusi yake. Na taulo liwe ndani kwa kila anayelitaka, kwa sababu pale neno lilimpotea lakini kazi haikumpotea. Meneja alisikiliza, akakuna shingo, akasema labda, akasema itabidi afikirie, lakini Siafu lazima awe uso wazi, bango limeshapigwa chapa, anachohitaji ni jibu la Siafu tu, ndiyo au hapana.

Siafu aliuvuta ule mfuko wa Meneja, akaufungua. Zilikuwamo barakoa za kabatini. Akapekua akatoa gunia, lile jipya lenye taulo na mfereji, akalikung'uta. Akalivaa pale pale kwenye kiti, akaingiza kidevu, akavuta kisogo, akalilaza shingoni kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda chake. Kisha akajiegemeza, akakunja mikono, akatulia.

"Sasa hiyo ni ndiyo au hapana?" Bwana Bango akauliza.

Meneja akainama mbele, akachungulia kwenye yale matundu mawili, akahamia upande wa kushoto akachungulia, akahamia wa kulia. Huenda huko ndani alikuwa amenuna. Huenda alikuwa anacheka mpaka mbavu zinamuuma. Bi Pindo, aliyemshonea, hakujua, na hakuuliza.

"Kunywa chai, Meneja," akasema. "Inapoa."